Mistari Miwili Chini ya Jibu

Mwalimu wetu wa Hesabu hakumwita mwanafunzi kwa jina lake. Alisema darasa lina akina Yosefu watano na akina Juma watatu, na yeye hakuja Tabora kutenganisha akina Yosefu. Akatuita kwa tulikotoka. Kulikuwa na Ziba, mrefu, mwenye kucheka ovyo. Kulikuwa na Ipole, ambaye kila akirudi likizo alitufungulia asali ya kwao bwenini. Mimi nilikuwa Bukene, kwa sababu baba alikuwa na kibanda cha karanga na chumvi pale stesheni, kwenye reli ya Mwanza. Mpaka leo mtu akiitaja stesheni ile barazani nageuka, nikidhani naitwa. Nimepata vyeo viwili vitatu tangu hapo na hakuna hata kimoja kinachonigeuza hivyo.

Yeye naye sitamtaja jina. Si kwamba nimelisahau. Walimu wengine walikuwa Mwalimu Fulani na Mwalimu Fulani, ila yeye alikuwa Mwalimu, basi, na ukisema "Mwalimu anakuja" kila mtu alijua la kufanya, wa kuficha sigara na wa kutafuta rula. Alikuwa mfupi, kaptula ya kaki imenyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi mikunjo yake inakata, vipande vya chaki mfuko wa kushoto, leso mfuko wa kulia. Alikohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito. Mwaka wa kwanza tulimwiga kikohozi kile, mwaka wa pili tukawa tunakiogopa, na sasa ninakitamani.

Neno moja lilikuwa marufuku darasani kwake, nalo ni "rahisi". Siku moja Ziba aliteleza akasema, "Aa, Mwalimu, hii mbona rahisi." Mwalimu hakukasirika. Alimkabidhi chaki, akaenda kukaa kwenye nafasi ya Ziba, magoti yakigusa dawati, akakunja mikono. "Karibu. Tufundishe."

Ziba akaanza kwa mbwembwe. Hatua ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu akasimama. Akafuta, akaandika, akafuta. Sisi tunacheka, yeye jasho linamtoka.

"Unaona sasa," Mwalimu akamwambia kutoka kwenye dawati lake. "Ugumu ulikuwepo, ila ulikuwa hujakutana nao. Ugumu si tusi, Ziba. Ukiambiwa kitu ni kigumu, hujatukanwa."

Hakuamini mtu aliyesema ameelewa. "Usiniambie umeelewa," alikuwa akisema, "nionyeshe ulipokwama." Ukimwonyesha ulipokwama alifurahi mno, akavuta kiti, akakaa nawe mpaka kengele ya chakula ikalia na wali wako ukaliwa na wengine. Nimelala njaa mara kadhaa kwa ajili ya aljebra. Nilinung'unika sana wakati ule, kwa sababu mimi ni mtu wa kununa, lakini leo ningetoa sahani nyingi za wali kwa nusu saa moja ya namna ile.

Jumamosi alitutoa nje. Ng'ambo ya mji kulikuwa na njia ya zamani ya misafara, inayoelekea Kwihara na kuendelea mpaka Ujiji kwenye ziwa, na wakati ule ilikuwa njia ya mbuzi na baiskeli tu. Alikuja na mti mmoja mrefu na madebe mawili ya maji. Tulijua mzega, wote tumewahi kuubeba nyumbani, debe mbele na debe nyuma, bega katikati. Yeye alijaza debe moja pomoni na la pili nusu, kisha akasema, "Bukene, beba."

Nikaweka bega katikati ya mti kama kawaida. Debe zito likanivuta chini, maji yakanilowesha mgongo, wenzangu wakapiga vigelegele. Nikasogeza bega kidogo kidogo kuelekea upande mzito mpaka mti ukatulia. Hapo akatoa futi yake ya kukunja, akapima toka bega langu mpaka debe hili, na toka bega langu mpaka debe lile, mimi nimesimama nimelowa. Akatufanya tuzidishe uzito kwa umbali, pande zote mbili. Zikawa sawa.

"Wazee waliopita hapa na meno ya tembo walijua somo hili," alisema. "Walilijua kwa vidonda vya mabega. Ninyi mlijue kwa penseli." Nilipokutana na somo hilohilo chuoni Uingereza, katika kitabu kizito chenye michoro ya madaraja, nilihisi maji mgongoni. Wenzangu waliotoka shule zenye maabara za maana walikuwa wakikariri kanuni. Mimi nilikuwa nimeibeba.

Sasa nije kwenye mistari miwili.

Katika shule yetu, jibu lilikuwa halijafika mpaka lipigiwe mistari miwili kwa rula. Hiyo ilikuwa desturi ya Mwalimu na ilikuwa amri. Ukifanya hesabu kurasa tatu, mwishoni lazima pawe na namba moja, peke yake, na chini yake mistari miwili iliyonyooka. Daftari lisilo na mistari hiyo alilirudisha bila kulisoma. "Umetembea siku nzima hukufika," aliandika pembeni kwa wino mwekundu. Kwa hiyo tulizoea kuitafuta ile namba. Hata kabla ya kuanza swali, jicho linakimbilia chini ya ukurasa, mahali itakapokaa. Tulifaulu sana kwa njia hiyo. Mkuu wa shule, Mwingereza, aliwaleta wageni kuona madaftari yetu, na wageni wakasema hawajaona hesabu safi namna ile.

Nasema alikuwa mwalimu bora niliyempata, na nasema pia kwamba mistari ile ilinigharimu. Nitafika huko.

Alikuwa na kinyume chake pia. Mtu huyu aliyetuhimiza kufika, yeye mwenyewe mambo yake mengi yalikaa njiani. Nyuma ya shule palikuwa na korongo, na bustani ya mboga ilikuwa ng'ambo. Masika tulivuka tukiwa tumevua viatu. Mwalimu akasema atatujengea daraja. Alipima korongo, akachora, akapiga hesabu ya uzito wa wavulana ishirini wenye ndoo, akachora upya. Muhula ukaisha. Muhula wa pili akagundua kwamba miti ya mninga ina nguvu kuliko alivyodhani, akachora tena. Katikati ya muhula wa tatu akaja mjomba wa Ipole, mrina asali, kumletea mpwawe blanketi. Akalitazama korongo, akaenda msituni na shoka, akalaza magogo mawili na kuyafunga kwa kamba za magome. Ilimchukua tangu mchana hadi saa kumi. Mwalimu akaja, akasimama katikati ya magogo, akarukaruka mara mbili kwa uangalifu.

"Yatashika," alisema.

"Yatashika, Mwalimu," mrina asali akajibu kwa heshima. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka tulipofika bwenini.

Tulijua alikotoka kabla ya kutufundisha. Wakati wa vita alikuwa Burma, katika kikosi cha kutengeneza madaraja, na baada ya vita serikali ikampeleka Uingereza kusomea uhandisi. Mji mzima ulimsindikiza stesheni. Wanyamwezi, Waarabu, wenye maduka wa Kihindi, wote walitaka kusema walimpa mkono. Baada ya miaka miwili akarudi bila shahada. Wengine walisema kifua, kwa sababu ya kile kikohozi. Wengine walisema baridi. Yeye mwenyewe, nilipopata ujasiri wa kumwuliza, alisema maneno machache tu: "Kuna hesabu za mwaka wa pili. Nilifika ukutani."

Alibaki na swali lake moja, na sisi wakubwa wa darasa tulilijua ingawa hakulitamka. Alitaka kujua kama kichwa chake kilitosha. Kama ukuta ule ulikuwa ukuta kweli, au ni yeye tu. Na kwa kuwa yeye hakuweza kulijibu, alitaka mmoja wetu aende akalijibu.

Mkewe alinieleza upande wake wiki niliyopata barua ya kwenda kusoma Uingereza. Alikuwa mama mpole, mnene kidogo, Mmoravia wa kuimba alto kanisani, na alinipa ungo wa karanga tumenye pamoja.

"Mume wangu alirudi kwa sababu zile hesabu hazipitiki," aliniambia. "Ndivyo alivyoniambia alipofika. Akasema, mama, kichwa cha mtu hakipiti pale. Mimi nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nimechoka kulala na barua. Sasa wewe, mwanangu, unakwenda hukohuko. Kichwa chako kina nini cha zaidi?"

Niliendelea kumenya karanga.

Mwaka wa kwanza chuoni niliupita kwa jasho. Watu hudhani ugumu wa uhandisi ni wingi wa namba. Si hivyo. Ugumu ni mwendo. Asubuhi nguvu za vyuma, kabla ya chakula joto na mvuke, mchana umeme, jioni kuchora mpaka vidole vinakufa ganzi, na katika kila somo mhadhiri anaandika ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa mkono wa kushoto. Hatua anazoziruka ndizo unazozihitaji. Anasema "ni dhahiri kwamba", na wewe unakesha na hiyo dhahiri yake. Ukitaka kuuliza, wenzako wote wananyamaza kwa uso wa watu walioelewa, nawe unanyamaza kwa uso huohuo. Nilikuwa wa kwanza darasani Tabora. Mtu aliyezoea kuulizwa huona aibu sana kuuliza.

Mwaka wa pili nilikutana na ule ukuta. Zilikuwa hesabu za vitu vinavyobadilika, ambavyo kasi ya kubadilika kwake inategemea vyenyewe: chombo kinavyopoa, daraja linavyotetemeka, maji yanavyopungua tangini. Nilizishambulia kama nilivyofundishwa. Niliitafuta namba. Niligeuza, nikahamisha, nikajaza karatasi, na kila mara mwishoni nilibakiwa na kitu kirefu chenye herufi ndani, nisijue nimekosea wapi. Mwezi wa sita nikafanya mtihani. Nikaanguka.

Nilimkumbuka Mwalimu siku zile mpaka nikamchukia. Nikaenda kuulizia tarehe za meli. Kisha nikamwandikia: "Mwalimu, nimeanguka Hesabu. Wanasema naweza kurudia Septemba, lakini sioni njia." Jibu lake lilikuja kwa ndege, karatasi ya bluu, na ndani hamkuwa na salamu wala ushauri wa hesabu. Ilikuwa sentensi moja: "Lolote utakalofanya, Bukene, usipande meli." Nililiona jibu la ukali, nikanuna wiki nzima, lakini sikupanda.

Aliyenitoa ni kijana mmoja wa Wales, mtoto wa mchimba makaa, aliyekuwa naye anarudia. Jumamosi moja mchana tulikuwa maktaba. Akavuta karatasi zangu, akazisoma kwa muda, kisha akauliza, "Hii mistari miwili ni ya nini? Jibu ulishalipata mistari minne juu, mbona ukaendelea?"

Nikamwambia hakuna namba pale.

"Namba ya nini?" akasema. "Hawakuulizi namba. Wanakuuliza kitu hiki kinaendaje."

Nilitoka nje nikazunguka jengo lile mara mbili. Kumbe nilikuwa nikilipata jibu kila siku na kulipita, nikitafuta mahali pa kuweka rula. Nikafikiria mtu mwingine, miaka kumi kabla yangu, mwenye desturi ileile kwa sababu ni yake, ameketi pengine katika maktaba kama ile. Nilitaka kuondoka siku ileile kwenda kumwambia. Septemba nilifaulu, lakini kwa mwaka wa mwisho na miwili ya kazi za mafunzo nilingoja miaka mitatu.

Nilirudi Tabora Uhuru ukiwa unanukia, nimeajiriwa idara ya maji. Ilikuwa kiangazi, shule imefungwa. Nilimkuta peke yake darasani, amezeeka kuliko nilivyotarajia, anapanga vitabu kabatini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bukene." Hakugeuka kwanza. Alimaliza rafu yake. Kisha akakohoa kidogo. "Umefika na karatasi ya shahada?"

"Nimefika nayo."

"Sitaki kuiona." Akachukua kipande cha chaki mfukoni akanipa, naye akaenda kukaa benchi la mbele. "Nionyeshe ule ukuta."

Nikaenda ubaoni. Nilijua nitakachomwonyesha, na njiani kote nilikuwa nimefurahi kwamba nitamwonyesha. Nilipomwona amekaa pale, magoti yamegusa dawati, furaha ilinitoka. Lakini ningemnyima vipi? Nikachora bakuli la uji.

"Uji ukiwa wa moto sana unapoa haraka," nikasema. "Ukishakuwa vuguvugu unapoa polepole. Kasi ya kupoa inafuata joto lililobaki."

"Hapo nilifika," alisema. "Niliandika hivyo. Halafu jibu?"

Nikachora mstari uliopinda, ukishuka kwa ukali kisha ukilala, na chini yake nikaandika ule mlinganyo wenye herufi ndani. "Hili."

"Namba gani?"

"Si namba, Mwalimu. Mstari wote huu ndio jibu. Jinsi uji unavyoenda, toka unapakuliwa mpaka unakuwa baridi."

"Wote?"

"Wote."

Akaja ubaoni, akanipokonya chaki. Akaandika swali jingine, la daraja linalotetemeka, na nilijua kwa jinsi alivyoliandika bila kusita kwamba amelibeba kichwani miaka yote. Alilifanya mwenyewe. Alikwama mara moja, akaniangalia, nikamwonyesha kwa kidole, akaendelea. Haikuchukua nusu saa. Mwishoni ulibaki mlinganyo mrefu wenye herufi. Alishika rula, akaitazama, akairudisha mezani.

"Hili nililiandika," alisema taratibu. "Hilihili. Nikalikata nikaanza upya. Bukene, mimi nililiandika hili nikalikata."

Nilimwambia ni somo gumu. Nilimwambia nami nilianguka kwa kosa hilohilo. Hakunisikia.

"Walinipa nafasi ya Septemba, kama wewe," akasema. "Ukifaulu, unaingia mwaka wa mwisho. Mimi nilipanda meli Agosti. Sikuifanya ile karatasi. Nilikaa kwenye meli najiambia haipitiki, mpaka nilipofika Dar es Salaam nikawa naamini."

Hapo mkewe akaingia na sinia ya chakula, alikuwa amesikia kwamba mgeni amekuja. Alinikumbatia, akaniita mwanangu, kisha akaiona sura ya mumewe. Mwalimu akamgeukia, akaongea Kinyamwezi, nadhani ili yawe mambo yao wawili. Alisahau mimi natoka Bukene, ambako Kinyamwezi ndicho tulichoongea nyumbani. Nilitazama ubao na kila neno nililisikia.

Alimwambia kwamba hesabu zile zilikuwa zinapitika. Alimwambia kwamba alikuwa amebakiza mlango mmoja tu, na hakushindwa, alikimbia, na alikuja kumwambia uongo akiwa bado na vumbi la treni.

Mama aliweka sinia kwenye dawati. Alichukua muda kuifunika vizuri.

"Ungebaki," aliuliza, "ungerudi lini?"

"Mwaka mmoja baadaye."

"Mwaka mmoja."

"Mmoja tu."

Akakaa kwenye benchi kando yake, mikono juu ya mapaja, akiutazama ubao ambao hakuweza kuusoma.

"Nilikungoja vita vyote, mume wangu, na miaka miwili juu yake," alisema. "Huo mmoja nao ningekungoja."